Dakika 35 za Farasi

Kila ikikaribia katikati ya Machi, ukoo wangu unaongezeka. Watu ambao hatujasalimiana tangu Idi wanapiga simu, wanaulizia afya ya mama, wanaulizia mvua, wanazunguka weee, halafu wanatua: "Hivi kaka, si uko Gloucester?" Niko Gloucester. Kutoka hapa hadi Cheltenham ni kama dakika kumi kwa treni, na Cheltenham ndiko wanakokutana, wiki hiyo, farasi hodari wa kuruka viunzi wa Uingereza na Ireland. Hoteli za mji ule hupandisha bei bila soni. Kochi langu halijawahi kupandisha bei. Mengine mnayajua.

Basi nimeona niandike mwongozo, ili nikiulizwa tena niutume huu badala ya kumweleza kila mtu upya. Mjue tu kwamba anayeuandika hanywi pombe wala habeti, na kwenye tamasha lile la mbio za farasi mtu wa namna hiyo hana kazi kabisa. Asiye na kazi hutazama saa. Nilichokiona kwenye saa ndicho kinachonikera mpaka leo.

Sikilizeni hesabu. Tamasha ni siku nne, Jumanne hadi Ijumaa, mbio saba kila siku, jumla 28. Milango hufunguliwa saa nne na nusu asubuhi. Mbio ya kwanza ni baada ya saa saba mchana, ya mwisho ni baada ya saa kumi na moja jioni, na kati ya moja na nyingine mnasubiri kama dakika 40. Sasa mbio zenyewe: zile za maili mbili huisha ndani ya dakika nne hivi, za maili tatu dakika sita na kidogo, na ile ndefu kuliko zote dakika nane hivi. Jumlisha zote saba za siku moja. Dakika 35. Umelipa kiingilio, umesafiri, umesimama saa saba, umepewa farasi dakika 35. Ni sinia la wali lenye kipande kimoja cha nyama, na nyama yenyewe inapita mbio.

Na msidhani hizo dakika 35 mtaziona zote. Njia ya mbio ni ndefu, inapanda, inashuka, inapotelea nyuma ya kofia za watu warefu. Jumanne, mbio ya kwanza ikianza, uwanja mzima hupiga ukelele mmoja ambao watu wameubana kifuani mwaka mzima. Hilo nakubali, linasisimua. Kisha farasi wanatokomea huko bondeni, na ninyi mliokuja kuwaona kwa macho mnageuka kutazama televisheni kubwa. Wenzenu walioko Benidorm, Hispania, wanatazama mbio hizo hizo wakiwa na kaptura. Sitanii. Siku hizi kuna Waingereza waliopiga hesabu ya Cheltenham, tiketi, malazi, bia ya zaidi ya pauni saba kwa painti moja, wakaona nafuu wapande ndege waende wakakae baa kwenye jua. Mwaka 2022 waliofika uwanjani kwa siku zote nne walikuwa zaidi ya 280,000. Mwaka 2025 walikuwa kama 219,000. Wakubwa wa mbio wanajiuliza wengine wamekwenda wapi. Wakatazame viwanja vya ndege.

Kwa hiyo ukija, achana na televisheni. Nenda kasimame kwenye reli, karibu na kizuizi kadiri utakavyoruhusiwa. Viunzi vile vidogo ni vya urefu wa mita moja na kidogo. Vile vikubwa, vilivyofungwa kwa matawi makavu, havipungui mita 1.37, yaani vinamfika mtu mzima kifuani. Utasubiri, miguu itakufa ganzi, utanilaani. Halafu ardhi itaanza kutikisika chini ya viatu kabla hujaona kitu. Wanakuja kumi, kumi na mbili, kila mmoja nusu tani ya nyama na mifupa, wamebanana ubavu kwa ubavu, na juu yao wapandaji wanapigiana kelele za kuombana njia kama makonda. Mara wote wako hewani. Unasikia matawi yakikwaruza matumbo, pumzi zikitoka kwa kishindo, na mabonge ya udongo yanakupita kichwani. Sekunde tatu. Ukija kupumua wameshaondoka, na una tope kwenye miwani. Sekunde hizo tatu ndizo ulizolipia. Zilizobaki ni foleni.

Na wengine huanguka. Mwaka hadi mwaka hutokea farasi asiyerudi zizini. Watu wanakimbia na mapazia, wanamzungushia, na kipaza sauti kinaendelea kutangaza mbio inayofuata. Hapo mimi sina utani, na wanaoandamana nje ya lango na mabango nawaelewa.

Turudi kwenye safari. Stesheni inaitwa Cheltenham Spa, na uwanja wa Prestbury Park uko upande mwingine kabisa wa mji, zaidi ya maili mbili. Mabasi maalumu yapo, na foleni yake nayo ni maalumu. Asubuhi tembea kwa miguu. Utapita nyumba nyeupe nzuri za zamani, kwa sababu mji huu ulikuwa wa matajiri wanaokuja kunywa maji ya chemchemi kama dawa, na utapita pia kuta zilizopakwa rangi ya ajabu. Wageni walikuwa wanazikojolea, wenyeji wakachoka, ikatafutwa rangi inayorudisha mkojo: ukijisaidia ukutani, unakurudia kwenye suruali. Sisi tumeandika "USIKOJOE HAPA, FAINI 50,000" kuanzia Tandale mpaka Mbagala na hakuna aliyewahi kusoma. Rangi ile ndiyo kitu kimoja cha Cheltenham ambacho ningependa kipelekwe nyumbani kwa meli.

Nyuma ya uwanja utaonyeshwa kilima kinachoitwa Cleeve Hill, kwa heshima zote, kwamba ndicho kirefu kuliko vyote katika safu ya Cotswolds. Ni mita 330. Shemeji yangu, mzaliwa wa Lushoto, alikitazama, akanitazama mimi, akauliza kilima kiko wapi. Lakini mwinuko wenyewe msiudharau, maana mita za mwisho za kila mbio zinapanda, na farasi aliyekuwa anaongoza kwa raha bondeni huanza kutembea kwa magoti. Hapo ndipo mikeka huchanika.

Mavazi. Mwaka 2023 Jockey Club, wenye uwanja huo, waliondoa masharti ya mavazi katika viwanja vyao, ukivaa chochote cha heshima unaingia. Ukifika utakuta hakuna hata mmoja aliyesoma tangazo hilo. Wanaume wote wamevaa twidi, ile sufu nzito ya rangi ya majani makavu, kuanzia kofia hadi soksi, mpaka ukimpoteza mwenzako huwezi kumtafuta kwa mavazi. Wanawake wamekuja na magauni ya harusi ya pwani kwenye baridi ya nyuzi nane, viatu vya kisigino kirefu vikizama kwenye nyasi, na hakuna anayetetemeka. Sijui wanakula nini. Ninyi vaeni viatu vya kuzuia maji na sweta mbili. Shemeji alivaa kanzu, koti la suti juu yake, na kofia ya kiua, kwa sababu tulitoka moja kwa moja msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Watu walisimama kupiga naye picha. Mimi na jaketi langu jipya hakuna aliyetuona.

Ndiyo, ilikuwa Ramadhani. Tamasha na mwezi mtukufu vimekutana miaka mitatu mfululizo, 2024, 2025 na 2026, kwa hiyo mkisikia mtu analalamikia foleni ya chakula Cheltenham, mjue yeye walau anaruhusiwa kula. Mlinzi langoni alifungua kasha letu la tende, akaligeuza, akalinusa, akaliita jina ambalo sikulishika, kisha akaturuhusu. Ukishaingia, njia zote zinakwenda kwenye bia. Unafuata kibao cha choo, unatokea kwenye bia. Pana eneo zima lililopewa jina la kijiji cha Guinness, lenye muziki na maelfu ya watu kutoka Ireland wanaoimba wamekumbatiana. Tulipita katikati yao tukiwa na kiu ya tangu alfajiri, shemeji akitoa salamu kila upande kama mgombea ubunge.

Viingilio navyo vina tabaka. Cha bei nafuu kinaitwa Best Mate, jina la farasi aliyebeba kombe kubwa la Gold Cup mara tatu, 2002, 2003 na 2004. Farasi kama yule, heshima aliyopewa ni kuwekwa jina kwenye eneo la walalahoi. Liko ng'ambo ya njia ya mbio, likitazamana na majukwaa makubwa, na ukiwa huko huvuki kwenda kuona farasi wakizungushwa kabla ya mbio. Mbio utaziona vizuri tu. Lakini muda mwingi mtakuwa mnatazamana na matajiri, wao wakiwa wamekaa.

Sasa kubeti. Mimi simo, ila ndugu zangu wamo, nami ndiye huwashikia makoti, kwa hiyo naijua hesabu kuliko wao. Wachukua dau wamesimama safu safu kwenye vibanda vyao, kila mmoja na ubao wake unaowaka namba. Mgeni huogopa kumtaja mshindi, anachagua dau la "kushinda au kushika nafasi", akidhani ni la watu wenye busara. Binamu yangu mmoja wa Leicester alilichagua. Akasema pauni 5. Mwenye kibanda akamdai 10, kwa sababu hayo ni madau mawili kwenye karatasi moja, moja la kushinda, moja la nafasi. Farasi wake alikuwa wa nne kwa moja. Akaingia wa tatu. Binamu aliruka, akakumbatia wazee asiowajua, akaimba. Dau la kushinda limekufa. La nafasi, kwa masharti ya kawaida, hulipwa moja ya tano ya odi. Akahesabiwa pauni 9 mkononi. Alitoa 10, ameshinda, amepata 9. Nilimweleza mara mbili ndani ya treni. Mpaka leo anaamini siku ile alipata faida.

Msije mkanitajia Norton's Coin. Kila aliyechanikiwa na mkeka hulitaja jina hilo. Mwaka 1990 farasi huyo alikuwa wa mia kwa moja kwenye Gold Cup, na aliyemfunza ni Sirrell Griffiths, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Wales aliyekuwa na farasi wachache tu nyumbani. Asubuhi ya mbio aliwakamua kwanza ng'ombe wake, kisha akasafiri kwenda Cheltenham. Kipenzi cha nchi nzima alikuwa Desert Orchid, farasi mweupe ambaye hata watoto walimjua. Akamaliza wa tatu. Mkamua maziwa akaondoka na kombe. Hadithi hii naipenda, lakini ninachokipenda ni wale ng'ombe: Gold Cup au si Gold Cup, walitaka wakamuliwe. Watu wakishaisikia wanatoa pauni ishirini kwa farasi mzee mwenye kikohozi, wakisema "huwezi jua". Unajua. Mia kwa moja maana yake ni kwamba watu wote wanajua.

Ambao hawakuupenda mchezo huu walikuwepo tangu zamani, sikuanza mimi. Mbio za awali zilikuwa zinafanyika huko juu ya Cleeve Hill, na mji ukawa na mchungaji, Francis Close, aliyehubiri vikali dhidi yake kwa sababu ya kamari na ulevi unaofuatana nazo. Waumini waliguswa kupita kiasi. Mwaka 1829 mbio zilivurugwa kwa mawe na chupa, na mwaka 1830 jukwaa likateketezwa kwa moto. Mbio zikahamia chini, Prestbury. Siungi mkono kuchoma jukwaa la mtu, lakini naona mchungaji alikuwa amesimama kwenye foleni kama yangu.

Kuna pia lile jambo la Jumatano. Kwenye ratiba ya tamasha la kuruka mna mbio moja, Champion Bumper, ambayo hakuna kinachorukwa. Hakuna kiunzi, hakuna tawi, hakuna hata kamba ya kuanikia nguo. Farasi vijana wanakimbia maili mbili, basi. Nimeelezwa kwamba ndivyo wanavyozoeshwa kabla ya kufundishwa kuruka. Sawa. Mimi nilikuja kwenye tamasha la kuruka.

Ijumaa ndiyo ya Gold Cup, saa kumi kamili jioni, na kama utakuja siku moja tu basi ni hiyo, hata mimi nasema. Ni zaidi ya kilomita tano, vizuizi vikubwa 22, na farasi dume au maksai hubeba kilo 74 na ushee, mpandaji na tandiko lake. Zamani nilifikiri mpandaji lazima awe mwanamume mwenye shingo nene, mpaka mwaka 2022 Rachael Blackmore wa Ireland alipowaacha wote akiwa juu ya A Plus Tard. Tulipokwenda na shemeji, mwaka 2025, mazungumzo yote yalikuwa ya Galopin Des Champs. Alishinda 2023, akashinda 2024, na uwanja mzima ulikuwa umekuja kumsindikiza kwenye la tatu.

Shemeji alikuwa amenunua kitabu cha ratiba, anakisoma kwa kalamu.

"Shemeji," nikamwambia, "mwezi mtukufu."

"Shemeji, pesa sijatoa. Natabiri tu."

Sikuwa na aya ya kumjibu. Akaniuliza kama ni kweli jina la farasi haliruhusiwi kuzidi herufi 18 pamoja na nafasi. Ni kweli. Akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu. Galopin Des Champs, 18 kamili. Akashuka chini, akamkuta mmoja anayeitwa Inothewayurthinkin, neno moja, limeshonana, mimi mwenyewe nililisoma mara mbili nikaacha. Akahesabu. Kumi na nane.

"Huyu ndiye," akasema. "Yule mwingine ameacha nafasi mbili za kupumzika. Huyu hakupumzika popote."

Nilimweleza kwa upole kwamba farasi wake hakuwamo hata kwenye orodha ya mwanzo, kwamba mmiliki wake, J.P. McManus, tajiri wa Ireland, alilipa pauni 25,000 kumchomeka mwishoni, na kwamba odi yake ni saba na nusu kwa moja wakati ya Galopin haifiki hata moja kwa moja. Shemeji akachora duara kwenye kitabu chake. Basi. Farasi wakazunguka, wakaja kwenye ule mwinuko ambao yeye hakuutambua kuwa kilima, na yule asiyepumzika popote akampita bingwa akamwacha mbali. Uwanja ukanyamaza kama umetangaziwa msiba, isipokuwa mwanamume mmoja wa Lushoto aliyekuwa akirukaruka na kanzu.

Furaha ikamdumu dakika mbili hivi. Kisha nikamwona anatazama juu, midomo inacheza. Anapiga hesabu. Kama angetoa pauni 10, faida ni 75. Kama angetoa 100, faida ni 750. Akazibadilisha kuwa shilingi, zikapita milioni mbili na nusu, akakaa kwenye ngazi. Nikamkumbusha kwamba dhambi aliyoepuka ina thamani kubwa zaidi. Akaniuliza ni kiasi gani.

Kuondoka: msisubiri mbio ya mwisho, ya saba haina kombe mnalolijua, na ikiisha makumi ya maelfu ya watu wanataka mabasi yale yale kwa wakati mmoja. Sisi tuliisubiri, kwa sababu shemeji alitaka kuendelea kutabiri. Alipatia? Hakupatia hata moja tena, na jambo hilo ndilo lililomrudishia imani. Magharibi ilitukuta kwenye foleni, saa kumi na mbili na dakika kumi na ushee, mbele yetu kuna watu kama mia tatu na basi halionekani. Tukafungua kasha, tukasoma bismillahi, tukala tende. Mzee mmoja wa Ireland, mwekundu wa uso, anayumba kidogo, akauliza tunakula nini. Nikampa mbili. Akazila na kokwa, hakutema kitu. Akashukuru sana, akaingiza mkono mfukoni akatafuta cha kutulipa, akakuta karatasi za madau zilizochanika. Akazirudisha.

Shemeji wakati huo alikuwa kwenye simu, si anaongea, anasogeza kalenda. Mwaka 2026, Ramadhani tena. Akasogeza.

"Shemeji," akasema, "mwaka 2027 katikati ya Machi Idi inatarajiwa kuwa imeshapita."

Nikamwambia foleni imesogea, asogee.